Soprano kuwa ndogo sio kuwa rahisi

Hapa Malindi kijana akitaka kuanza saksafoni utasikia anaambiwa chukua soprano, ile saksafoni ya sauti ya juu, ni ndogo, nyepesi, itakufaa. Jamani hapana! Huo udogo ndo shida yenyewe, maana kile kipande cha mdomoni ni kidogo na ukibana midomo kidogo tu noti inapanda, ukilegeza inashuka, sasa mtu ambaye sikio bado halijazoea atajuaje? Alto, saksafoni kubwa kidogo kuliko soprano, inakusamehe makosa zaidi, ndo maana walimu wengi huanzisha wanafunzi nayo, na vidole ni vilevile kote kwa hiyo baadae unahamia tu bila kuanza upya.

Na wanaosema soprano ni klarineti, ile ala nyingine ya kupuliza, kwa vile imenyooka, sio, ziko soprano zilizopinda kama alto na bado ni soprano, iko kwenye ufunguo wa B flati sawa na tenori, saksafoni kubwa kuliko alto, ila oktavo moja juu, yaani noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi.

Kusikiliza ni habari nyingine. Wasikie wapiga soprano wawili, Sidney Bechet wa jazi ya zamani anavyoitetemesha, kisha Kenny G na ulaini wake, chombo kilekile! Mi naipenda mno, lakini kama ndo unanunua ya kwanza tena kwa pesa za kujikusanya, tafuta alto, soprano za bei ya chini ndo balaa zaidi, noti za juu hazikai.