Ugonjwa wa Kawasaki: Ni Damu ya Kwetu au ya Kwao?

Swali hili sikuulizwa kliniki. Niliulizwa barazani, mtaa wa Langoni hapa Lamu, baada ya swala ya alasiri. Mama mmoja kijana alikuwa amempakata mwanawe wa miaka miwili, ndiyo kwanza warudi kutoka hospitalini Mombasa. Akanionyesha vidole vya mtoto: ngozi ilikuwa inaambuka kuanzia pembezoni mwa kucha, nyembamba kama ganda la kitunguu, na mwenyewe hana habari, anakula kaimati zake. Daktari alikuwa amewaambia kuwa ugonjwa huo unaitwa Kawasaki na kwamba jeni, yaani vinasaba ambavyo mtoto huvichukua kwa wazazi wake, zinahusika. Neno hilo moja lilitosha kuwasha moto nyumbani. Mavyaa wake, aliyeketi pembeni, alishatoa hukumu: kwao hakujapata kutokea maradhi kama hayo. Nimeyakusanya hapa maswali yao pamoja na mengine niliyoulizwa baadaye.

Kawasaki si pikipiki hiyo?

Majina yamegongana tu. Kawasaki ni jina la ukoo huko Japani. Daktari wa watoto Tomisaku Kawasaki alimpokea mwaka 1961 mtoto wa miaka minne mwenye homa na vipele ambavyo havikufanana na ugonjwa wowote alioujua. Akawa anaandika kila mtoto wa namna hiyo aliyekutana naye, hata mwaka 1967 akachapisha habari za watoto 50. Alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 95, na chanzo cha ugonjwa wenyewe hakijajulikana mpaka leo.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inazigeukia kuta za mishipa ya damu, hasa ile ya ukubwa wa kati, zikafura. Mishipa inayotutia hofu zaidi ni ile inayoulisha moyo wenyewe. Ukuta ukidhoofika, mshipa hutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, na damu inaweza kuganda pale palipotuna. Wengi wanaougua hawajafikisha miaka mitano, na wavulana huwazidi wasichana.

Homa pwani ni nyingi. Nitaijuaje hii?

Hesabu siku. Homa ya Kawasaki ni kali na hukaa siku tano au zaidi. Paracetamol huituliza saa chache kisha ikarudi, na antibiotiki haziifanyi kitu. Humo ndani ya siku hizo hutokea mambo mengine: macho yote mawili huwa mekundu bila ya tongo; midomo hukauka na kupasuka, ulimi ukawa mwekundu wenye vidutu; vipele mwilini; viganja na nyayo huvimba; na tezi moja ya shingo hufura. Kule kuambuka ngozi ya vidole huja baadaye, wiki ya pili au ya tatu, kwa hiyo usikungojee. Ukikuona, umeshachelewa.

Ngozi zetu hazionyeshi wekundu upesi. Mtazame mtoto ndani ya mdomo, machoni na nyayoni, pawe na mwanga wa kutosha. Litazame na kovu la chanjo ya BCG, lile alilochanjwa alipozaliwa. Likiwaka upya na kuvimba wakati wa homa, mwambie daktari hata asipokuuliza. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja dalili huja nusunusu, na bahati mbaya ndiye ambaye moyo wake uko hatarini zaidi.

Surua hufanana nayo sana, na malaria lazima ipimwe. Lakini kipimo cha malaria kikisema hakuna, na siku ya tano imefika, usikubali kurudishwa nyumbani na chupa nyingine ya dawa ya maji bila ya kuuliza: "Daktari, haiwezi kuwa Kawasaki?"

Basi ni ugonjwa wa kurithi?

Hapa ndipo neno la daktari lilipowapotosha watu wa Langoni, nami sikuwalaumu, maana kwa Kiswahili "kurithi" hubeba mambo mawili tofauti. Selimundu, yaani sickle cell, tunaijua pwani hii: baba akibeba jeni ile moja na mama akaibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hesabu yake iko wazi. Kawasaki haiendi hivyo. Hakuna jeni moja ambayo ukiwa nayo utaugua na ukiikosa umepona. Kinachorithiwa ni wepesi wa kushikwa, nao hutokana na jeni nyingi, kila moja ikiongeza kidogo. Kisha lazima kitokee kitu cha nje cha kuuamsha ugonjwa, labda kijidudu fulani. Wengi mno wamezaliwa na wepesi huo na hawatougua maisha yao yote.

Wamejuaje kama jeni zimo?

Kwa kuwafuata watu waliohama. Japani, kila mwaka, katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano, zaidi ya 300 huugua Kawasaki. Marekani ni kama 20 hivi. Ungesema ni chakula, au hewa, au mazingira ya kule. Lakini watoto wa asili ya Kijapani waliozaliwa Hawaii, visiwa vya Marekani, wanaokula na kusoma pamoja na wenzao wa asili nyingine, bado huugua mara nyingi zaidi kuliko watoto wazungu wa visiwa hivyo hivyo. Walihama nchi, damu wakahama nayo.

Asisikie mtu hapo akasema basi huu ni ugonjwa wa Wajapani. Huko Marekani, watoto wenye asili ya Kiafrika huugua zaidi kidogo kuliko wazungu. Kwetu unaonekana haba kwa sababu moja kubwa: asiyeutafuta hauoni.

Hizo jeni zinafanya nini hasa?

Mavyaa ndiye aliyeniuliza hili, na baba yake alikuwa nahodha, kwa hiyo nilimjibu kwa jahazi. Askari wa kinga ya mwili huamshwa, pamoja na mengine, na madini ya kalisi yanayoingia ndani ya seli. Kalisi ni kama upepo kwenye tanga. Iko jeni iitwayo ITPKC ambayo kazi yake ni ya mtu wa demani: upepo ukizidi, analegeza kamba ili tanga lisikipindue chombo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walionyesha kwamba aina moja ya jeni hiyo huifanya kazi yake kwa uzembe. Chombo chenye baharia huyo husafiri salama siku zote za bahari tulivu. Siku ya tufani ndipo anapojulikana. Hata hivyo, aina hiyo huongeza hatari kwa chini ya mara mbili tu.

Jeni nyingine, ORAI1, ni ya mlango wenyewe ambao kalisi hupitia. CASP3 inahusika na kuzifisha seli ambazo kazi yao imekwisha. Zikikawia kufa, fujo hurefuka. FCGR2A hutengeneza kipokezi, mfano wa kishikio juu ya seli, kinachoshika kingamwili, zile silaha za kinga ya mwili zilizomo kwenye damu, jambo la kushangaza kidogo, kwa kuwa dawa kuu ya Kawasaki ni dripu ya kingamwili. Na ziko nyingine.

"Kwa hivyo ni baharia mvivu," akasema mavyaa. Ndiyo, bibi, ila mabaharia ni wengi chomboni, na hakuna anayejua nani alimpakia nani.

Ni upande wa mama au wa baba?

Wa wote wawili, au wowote. Mtoto huchukua nusu huku na nusu kule, na wazazi wenyewe kwa kawaida hawajawahi kuugua. Japani, wako wazazi waliougua utotoni na watoto wao wakaugua pia, zaidi ya inavyotarajiwa kwa bahati tu, lakini hao ni wachache. Hakuna alichokula mama akiwa na mimba kinachojulikana kuleta Kawasaki.

Sisi huoana binamu kwa binamu. Si ndiyo sababu?

Kwa magonjwa ya aina ya selimundu, ndoa za binamu zina hesabu yake na inafaa watu waizungumze kabla ya posa. Kwa Kawasaki hali si hiyo: hapa hakuna jeni moja iliyojificha inayongoja kukutana na pacha wake. Msiivunje nyumba kwa hili.

Nina mwingine mdogo. Naye atashikwa?

Huenda, lakini si rahisi. Utafiti wa Japani ulikuta kwamba ndugu wa mtoto mgonjwa yuko hatarini mara kumi hivi kuliko watoto wengine. Inatisha ukiisikia hivyo. Sasa isikie kwa njia nyingine: kati ya ndugu 100, ni kama wawili tu waliougua ndani ya mwaka mmoja. Kwa mapacha idadi hupanda, ikapita kumi katika mia. Zaidi ya nusu ya ndugu walioshikwa walishikwa ndani ya siku kumi baada ya mwenzao. Hilo linaonyesha kwamba mbali na jeni, kuna kitu walichokutana nacho pamoja. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, hakuna haja ya kutenga vikombe wala malazi. Ila siku hizo kumi, homa ya mdogo wake usiichukulie poa.

Tukapime jeni?

Hapana. Hakuna kipimo cha jeni kinachotumiwa kumwambia mzazi kwamba mtoto wake atapata Kawasaki. Fedha hizo ziwekeni kwa nauli ya boti na basi.

Nauli?

Kwa sababu dawa ina saa yake. Dripu ya kingamwili, gramu mbili kwa kila kilo ya mtoto, hupitishwa polepole kwa saa kumi hadi kumi na mbili, pamoja na aspirini, na inatakiwa ianze ndani ya siku kumi tangu homa kuanza. Bila ya dawa, karibu mtoto mmoja katika wanne huharibika mishipa ya moyo. Akitibiwa mapema, ni kama mmoja katika ishirini. Ukitoka Faza au Siyu, ukavuka hadi Mokowe, kisha Witu, Malindi, mpaka Mombasa kwenye kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, siku moja imeshakwenda. Mwenye kuanza safari siku ya tisa hana tena muda wa kupoteza. Aspirini usimpe mtoto kwa kujiamulia, hata homa iwe kali vipi. Hapa hutolewa kwa kuwa daktari anamfuatilia.

Eko hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, halafu tena karibu wiki ya sita. Na yule mtoto wa Langoni ana jambo moja ambalo muuguzi wa chanjo huenda asiligundue: aliyepata dripu ya kingamwili hungoja miezi 11 kabla ya kuchanjwa surua, maana kingamwili zile huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Tuliiandika tarehe ya dripu kwa kalamu nyekundu, juu kabisa ya ukurasa wa chanjo katika kijitabu chake cha kliniki. Mavyaa ndiye aliyeishika kalamu.