Mama Akijifungulia Ndani ya Ambulansi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

"Kazi ya ambulansi ni kumfikisha mama hospitalini, kuzalisha ni kazi ya mkunga." Dhana hii husikika sana Nairobi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Ni kweli kwamba mahali salama pa kujifungulia ni penye mkunga na vifaa, lakini mtoto hasubiri msongamano wa Jogoo Road upungue ndipo azaliwe. Kichwa kikishaanza kutokeza, mwendo wa kasi haumfai mtu. Dereva aegeshe gari mahali salama, ili mhudumu asimame imara na kutumia mikono yote miwili. Kumwamuru mama abane miguu kunaweza kumdhuru yeye na mtoto.

Wengine huamini kwamba mtoto asiyelia aning'inizwe kichwa chini na kupigwa makofi. Hapana. Akaushwe mara moja kwa kitambaa kikavu na kusuguliwa mgongo taratibu. Wengi huanza kupumua papo hapo. Takriban mtoto 1 kati ya 20 huhitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko wa kubinya kwa mkono, wenye barakoa ya kufunika mdomo na pua, na kazi hiyo yafaa ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hapa ndipo mafunzo ya darasani pekee yanapopungua. Katika mazoezi ya vitendo kwa sanamu la mtoto, mhudumu mwenye wasiwasi huikandamiza barakoa, kidevu cha sanamu kikainama kifuani, njia ya hewa ikaziba, naye akabaki anabinya mfuko huku kifua hakiinuki hata kidogo. Akikirudisha kichwa sawa, kifua huinuka. Mkono hujifunza jambo hilo kwa kurudiarudia, na kwa kuwa uzazi wa garini haumfiki mhudumu mmoja mara nyingi, mafunzo ya mara moja hayatoshi.

Kitovu nacho hakina haraka: mtoto akiwa anapumua vizuri, kisibanwe kabla ya dakika 1, na kungoja hadi 3 ni sawa. Asifungiwe blanketi na kuwekwa kando. Alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, kwani mwili uliolowa hupoteza joto upesi, hasa katika baridi ya Julai.

Dhana ya mwisho ni kwamba mtoto akishalia, hatari imepita. Kutoka damu baada ya kujifungua huua akina mama, na damu inaweza kujikusanya chini ya mgongo pasipo mtu kuiona. Mhudumu aliyeidhinishwa, akishahakikisha hakuna pacha aliyebaki tumboni, humdunga mama uniti 10 za oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke kwa wingi. Dawa hiyo huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kwa hiyo haifai kuachwa kwenye kabati la gari linaloshinda juani. Kondo lisivutwe kwa nguvu. Likishatoka, tumbo lipapaswe: mfuko wa uzazi ukiwa laini, usuguliwe mpaka ukaze, kisha leso aliyolalia mama iinuliwe na kutazamwa, na itazamwe tena kila baada ya dakika chache hadi mkunga ampokee.