Anza na Mguu, Si Fedha: Kuitambua Bruchi ya Kale ya Uskoti

Wanaotuletea bruchi ya mguu wa ndege hapa makumbusho, yaani pambo la kubana kwenye nguo kwa sindano, lenye mguu halisi uliovishwa fedha, karibu wote huigeuza kwanza na kutafuta muhuri wa fedha, ile alama ndogo ya ofisi ya kupima fedha. Wengine wameshapita kwa sonara, naye ameshaitia kwenye mizani. Siwalaumu, maana bei ya fedha inajulikana na haibishaniwi. Ila kwa mapambo haya ya Uskoti mimi huiacha fedha hadi mwisho. Ukishamjua mnyama ndipo utajua kama kitu kinaruhusiwa kuuzwa, kama kinaweza kuvuka mpaka, na kama ni cha kale kweli au kimeigizwa.

Mguu unaoonekana zaidi ni wa grausi mwekundu, ndege wa vilima vya baridi vya Uskoti, wa ukoo mmoja na kwale wetu. Kwale mguu wake ni mtupu, una magamba, na dume huwa na kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu. Grausi hana kipi, na manyoya yake yanashuka hadi vidoleni kama kavaa soksi. Jina lake la kisayansi, Lagopus, ni la Kigiriki na maana yake ni mguu wa sungura. Ukiushika utaona kwa nini. Ndugu yake wa milimani, tamigani, hutoa mguu mweupe zaidi wenye manyoya mazito. Basi ukiletewa bruchi ya “grausi” yenye mguu wa magamba matupu, huyo huenda ni kuku au ndege mwingine. Chukua lenzi utazame upande wa chini wa vidole na kwenye kucha. Kucha halisi ina mistari myembamba isiyolingana. Ya plastiki au ya bati lililomiminwa ina mshono wa kalibu unaokwenda moja kwa moja, na manyoya yake yamechorwa tu.

Msimu wa kuwinda grausi hufunguliwa tarehe 12 Agosti na kufungwa tarehe 10 Desemba. Mwindaji aliweza kubaki na mguu mmoja kuwa kumbukumbu ya siku yake, sonara akauvisha kofia ya fedha, akaweka ua la mbaruti, nembo ya Uskoti, na jiwe la rangi ya asali au zambarau. Ulivaliwa kwenye kofia, kwenye shuka la begani au kwenye kilti, sketi ya kiume ya Kiskoti. Mitindo ya Kiskoti ilishika kasi baada ya Mfalme George IV wa Uingereza kuzuru Edinburgh mwaka 1822, ikazidi pale Malkia Victoria na mumewe Albert walipopata Balmoral, makazi yao ya Uskoti, mwaka 1852. Wenyewe walikwenda mbali kuliko wengi. Malkia alikuwa na mkufu wa mwaka 1860 wenye meno 44 ya ayala (jina ambalo wengi wetu tulilisikia kanisani kwanza), wote wakiwa wamepigwa na Albert, na kila jino limeandikwa tarehe. Alikuwa pia na bruchi ya mbaruti wa dhahabu ambao ua lake ni jino la utotoni la binti yao mkubwa, lililotoka mwaka 1847. Kwa ladha yangu, huo mguu wa ndege una staha zaidi.

Sasa geuza bruchi. Kibanio cha zamani ni ndoano tupu yenye umbo la C, isiyo na kufuli, na mara nyingi sindano huchomoza nje yake. Kibanio chenye kufuli la kuzungusha ni cha karne ya 20, au kimebadilishwa baadaye. Tafuta alama za kulehemu. Muhuri wa ngome ni wa Edinburgh, na hadi mwaka 1975 ulifuatana na ua la mbaruti. Mti wenye ndege, kengele na samaki ni Glasgow, ambako ofisi ya kupima fedha ilifanya kazi kuanzia 1819 hadi 1964. Ukikuta kichwa cha mfalme au malkia, ushuru wa fedha ulilipwa kati ya 1784 na 1890. Nanga ni Birmingham, mji wa England, si wa Uskoti, na hapo watu husikitika bure. Mapambo mengi ya “Kiskoti” yalitengenezwa England tangu enzi hizo hizo, kwa hiyo nanga haimaanishi umedanganywa. Wala kukosa muhuri si ushahidi wa ughushi, kwani vitu vidogo vingi havikupigwa kabisa. Jiwe nalo lisikupumbaze: lile la asali linalosifiwa kuwa limetoka milima ya Cairngorm ya Uskoti mara nyingi ni amethisti ya Brazili iliyochomwa moto hadi ikageuka rangi.

Kuna makucha ambayo hayahitaji mizani wala lenzi, yanahitaji mwanasheria. La kwanza ni la tai. Kucha lake ni nene na limepinda sana, kubwa mara kadhaa kuliko la grausi. Marekani inakataza kuuza viungo vya tai, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu huko ilithibitisha kwamba katazo hilo linagusa hata vitu vilivyotengenezwa kabla ya sheria. La pili linatuhusu zaidi sisi: jozi ya kucha bapa ubavuni, zimevishwa dhahabu na kupangwa kama mwezi mwandamo. Hizo si za ndege wala si za Uskoti. Ni za chui milia, chui au simba, mtindo uliopendwa na Waingereza waliokaa makoloni. Ukiwa Tanzania, kucha la simba au chui ni nyara ya serikali, yaani mali yake, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kusema uliachiwa na babu hakukuondolei haja ya kibali. Usilipige picha ukaliweka sokoni mtandaoni. Nenda kwanza kwa mamlaka ya wanyamapori.

Bei? Bruchi ya kawaida ya grausi huuzwa Uingereza kwa makumi ya pauni, si maelfu. Inapanda ikiwa na muhuri unaosomeka, jiwe la asili, na zaidi ya yote manyoya kamili. Manyoya ndiyo yanayoharibika kwanza. Mabuu ya nondo na ya mende wa zulia huyala, yakaacha unga wa kahawia sandukuni, na mguu ulioliwa hauna fundi. Vaa glavu unapoushika, kwa sababu wahifadhi wa ngozi wa karne ya 19 walizoea kutumia aseniki. Usiuloweshe, usiuchovye kwenye dawa ya kung'arishia fedha. Ukiona unga huo, ufunge mguu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uuweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uuache mfukoni siku nzima upate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu utatua kwenye manyoya.