Ohinga: kuta za mawe ndani ya pori la Migori

Ohinga ni boma la mawe. Waluo wa kusini mwa Nyanza, nchini Kenya, huita hivyo makazi ya zamani yaliyozungushiwa ukuta mnene wa mawe yaliyopangwa makavu: hakuna udongo, chokaa wala saruji, ni jiwe juu ya jiwe mpaka ukuta unampita mtu kimo. Ndani waliishi watu pamoja na mifugo yao. Nje palikuwa na mashamba, pori, wanyama wakali na, nyakati nyingine, wezi wa ng'ombe.

Kubwa kuliko yote, na lililosimama vizuri kuliko mengine, ni Thimlich Ohinga, kundi la maboma katika kaunti ya Migori, si mbali na Macalder. Jina lenyewe humaanisha msitu mnene unaotisha, na ndivyo eneo lilivyokuwa lilipoachwa: miti imepenya katikati ya maboma, vichaka vimepanda ukutani, na anayetembea porini hapo anakutana ghafla na ukuta wa kijivu unaopinda na kupotelea majanini. Mwaka 2018 UNESCO iliiandikisha Thimlich katika orodha ya Turathi za Dunia, ikiwa ya saba kwa Kenya. Lakini Thimlich haiko peke yake. Katika nchi hiyo ya vilima upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, watafiti wameorodhesha sehemu zaidi ya 130 zenye masalia ya namna hii, na ukihesabu jengo moja moja unapita 500.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni lile lile: nani alizijenga? Mara nyingi jibu linalofuata ni kwamba hakuna ajuaye, kwamba ni fumbo. Naona fumbo hilo limekuzwa na namna tunavyouliza. Tunataka jina moja, kabila moja, mwaka mmoja, kana kwamba ohinga ni jumba lenye hati ya mwenye nyumba. Ohinga ni jengo la zamu. Mmoja alianza, mwingine akahamia, wa tatu akaziba palipobomoka na kuongeza chumba cha ndama, na kila aliyepita ameacha alama zinazosomeka.

Tuanze na ukuta wenyewe. Kuta za Thimlich zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita moja hadi tatu. Mawe hayakuchongwa. Yaliokotwa kwenye vilima vya hapo hapo, ambako mawe ni mengi, kisha yakachaguliwa kwa umbo. Ukitaka kuelewa kazi ilivyofanyika, simama mahali ambapo sehemu imeporomoka utazame tumbo la ukuta. Utaona kwamba kwa kweli ni kuta mbili: uso wa nje na uso wa ndani, kila mmoja umepangwa kwa mawe makubwa yenye upande bapa ukitazama nje. Katikati yake pamejazwa mawe madogo na vipande, vikasindiliwa mpaka nafasi zikaisha. Kujaza huko kwa kati hakukuwa namna ya kutupa mabaki. Ndiko kunakozifunga nyuso mbili zisiachane, na fundi akifanya haraka hapo, ukuta unavimba kiunoni na kumwagika baada ya misimu michache ya mvua.

Kanuni ya kupanga inaonekana kwa macho: palipo na mwanya kati ya mawe mawili, jiwe la juu hukaa likiufunika. Ukiona nyufa zimepangana kutoka juu hadi chini kama mstari, hapo ndipo ukuta utakapopasukia. Wajenzi wa Thimlich waliliepuka hilo kwa uangalifu wa kushangaza, ukizingatia kwamba hakuna jiwe linalofanana na lingine. Pia waliupinda ukuta. Mstari ulionyooka wa mawe makavu ni rahisi kuangushwa, lakini ukuta uliojipinda hujishikilia wenyewe, na penye udhaifu waliongeza rundo la mawe lililopangwa kuuegemeza. Kwa kuwa hakuna saruji, maji ya mvua hupita katikati ya mawe na kwenda zake, na ardhi ikitikisika kidogo mawe yanajisogeza na kutulia upya. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuta hizi zimevuka karne kadhaa.

Milango inaeleza maisha ya watu hawa kuliko kitu kingine chochote. Ni mifupi na myembamba, juu yake yamelazwa mawe marefu kama linta. Mtu mzima hawezi kupita akiwa wima. Lazima ainame, atangulize kichwa, na kwa muda huo hana uwezo wa kurusha mkuki wala kujikinga. Karibu na mlango palijengwa mahali pa juu pa mlinzi kusimama. Huhitaji hadithi ya majitu wala ya wageni waliopotea ili kuelewa jengo hili. Aliyelibuni alikuwa mfugaji aliyejua usiku gani na kwa njia gani ng'ombe huibwa.

Boma kuu la Thimlich, linaloitwa Kochieng, lina kipenyo cha karibu mita 140. Ndani yake mna mabonde madogo ya mviringo ambamo nyumba zilisimama, mazizi, kuta fupi za kugawa sehemu, mawe ya kusagia nafaka yaliyochimbika kwa kazi ya miaka, na mwamba wenye vishimo vya kuchezea bao, mchezo ambao Waluo huuita ajua. Vishimo hivyo ningemwonyesha mtoto kabla ya ukuta wote. Watu walikaa hapo kivulini, wakahesabu kete, wakabishana. Palikuwa pia na mahali pa kuyeyushia chuma, jambo linaloonyesha kwamba jamii hii ilijitengenezea zana na silaha zake badala ya kungoja za kutoka mbali.

Sasa, umri. Jiwe halitoi tarehe ya kupangwa kwake. Kipimo cha kaboni hufanya kazi kwa kitu kilichowahi kuwa hai, kwa hiyo watafiti huchimba chini ya ukuta na ndani ya boma wakitafuta makaa ya jikoni na mifupa ya wanyama. Vigae vya vyungu navyo husaidia, kwa sababu mitindo ya urembo wake hubadilika kadiri watu na nyakati zinavyobadilika. Kwa njia hizo makadirio yamefika karne ya 16, na utamaduni wa kuishi ndani ya kuta za mawe katika ukanda huu uliendelea, kwa vipindi na kwa watu tofauti, hadi katikati ya karne ya 20.

Hapo ndipo swali la nani linapoanza kujibika. Waluo, kwa simulizi zao wenyewe, walitua kwanza Ramogi, sehemu za Siaya, kaskazini mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Kuvuka na kuenea kusini kulikuja baadaye. Kwa hiyo watafiti wengi wanakubaliana kwamba waliopanga mawe ya kwanza walikuwa hasa watu wa lugha za Kibantu waliokuwepo kabla, na kwamba Waluo walipofika waliyakuta baadhi ya maboma, wakaingia, wakayatengeneza na kuyapanua. Maboma manne ya Thimlich yanaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na kila msemaji wa Kijaluo anasikia humo kwamba ni kwa Ochieng, kwa Kuku, kwa Oketch, kwa Oluoch. Hayo ni majina ya wakazi waliokumbukwa. Anayeyachukua kama majina ya wajenzi wa kwanza ataruka vizazi vingi.

Ukoo ndio uliokuwa mpango wa ndani. Katika boma la Kiluo hata leo, nyumba ya mikayi, mke mkubwa, hukaa mbali ikitazama lango, wake wengine hufuata kwa kupokezana kulia na kushoto, na simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, huwa karibu na lango. Ohinga iliweka utaratibu wa aina hiyo ndani ya mawe, kwa familia nyingi kwa pamoja. Ukuta ulimzuia adui, na papo hapo ulisema nani ni wetu. Nadhani maana hii ya pili ilikuwa na uzito sawa na ya kwanza. Watu hawabebi mawe kiasi hicho, msimu baada ya msimu, kwa sababu ya woga peke yake. Kazi ya namna hiyo inahitaji mzee anayesikilizwa, chakula cha kuwalisha wabebaji, na imani kwamba watoto wako watakuwa bado hapo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna historia mbaya ya kuwanyang'anya Waafrika kuta zao. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, magofu makubwa ya mawe katika nchi ya Zimbabwe ya leo, akatazama boriti ya mlango, akaona mti wake unafanana na wa kalamu yake ya risasi, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo lilihusika na Malkia wa Sheba. Boriti ilikuwa ya mti wa huko huko. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha kwamba jengo ni la Waafrika, na mwaka 1929 mwenzake Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo kwa uchimbaji makini. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo, iliendelea kwa miaka mingi kuupendelea uongo. Thimlich ni ndogo kuliko Great Zimbabwe na haikupata mabishano ya kiwango hicho, lakini mtu anaposema kuta za Migori haziwezi kuwa kazi ya wenyeji, anarudia kosa la Mauch.

Tusichanganye pia ohinga na magofu ya pwani. Gedi, karibu na Malindi, nayo imo msituni, ukingoni mwa Arabuko-Sokoke, na miti yake imekumbatia kuta vile vile. Ila Gedi ni mji wa Waswahili wenye misikiti, makaburi na nyumba za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kaburi mojawapo lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Mji wenye maandishi huacha majibu ya haraka. Ohinga haikuandikwa, kwa hiyo tunaisoma kwa mpangilio wa mawe, kwa majivu na kwa simulizi za wazee.

Wala mawe hayakuwa njia pekee ya kujikinga. Kaskazini mwa ghuba, ambako mawe ni haba, watu walichimba handaki na kurundika udongo kuzunguka kijiji. Maboma hayo huitwa gunda bur. Wabukusu nao walijenga kuta za udongo, na ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, ilivamiwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Silaha za moto zilifika, na boma lililotosha kumzuia mwizi wa ng'ombe halikutosha tena.

Baada ya hapo ohinga zilianza kuachwa. Utawala wa kikoloni ulikomesha vita vya mifugo na kuleta mahakama na kodi, hatari ya zamani ikapungua, na kila mtu akaona heri atoke akaanzishe mji wake mwenyewe karibu na shamba lake. Ua wa miti ya jamii ya mnyaa ulitosha badala ya mita tatu za mawe. Ukuta usio na mtu wa kurudisha jiwe lililoanguka huanza kufa. Mbegu huota kwenye mwanya, mzizi unanenepa, mbuzi wanaruka juu, mtu wa jirani anachukua mawe ya kujengea choo.

Thimlich ina walinzi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na sehemu zilizoanguka zimepangwa upya kwa njia ile ile ya zamani. Nyingine nyingi zimo ndani ya mashamba ya watu. Ukikuta kuta za namna hii kwenye ardhi yako, usiung'oe kwa nguvu mti uliomea ukutani, maana mzizi utatoka na ukuta. Ukate shinani uache mzizi ukauke. Usizibe nyufa kwa saruji. Saruji huzuia maji na kuyafanya mawe yasisogee, na upande wa pili utaporomoka. Mawe yaliyoanguka yaache hapo hapo yalipo, kwa sababu fundi atakayeupanga upya ukuta atayahitaji hayo hayo. Kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua jengo au masalia ya kale afanye hivyo, na taarifa yako inaweza kuwa ndiyo ya kwanza kuandikwa kuhusu boma hilo.