Je, ufundi ni kazi ya walioshindwa masomo?

Wengi wameamini kwa miaka mingi kwamba shahada ndiyo njia ya maisha mazuri, na kwamba kazi ya mikono ni ya aliyekosa nafasi darasani. Imani hiyo ina chanzo: katika nchi nyingi, wastani wa kipato cha wenye shahada ni mkubwa zaidi.

Lakini wastani huficha mengi. Fundi stadi anaweza kumzidi kipato mhitimu wa fani yenye ajira chache, tena alianza kulipwa miaka kadhaa mapema, pengine bila deni la masomo.

Na ufundi wenyewe unahitaji akili. Fundi umeme hukadiria unene wa waya kulingana na mkondo utakaopita. Waya ukiwa mwembamba mno hupata joto na unaweza kuwasha moto. Fundi bomba hupima mteremko wa bomba la maji machafu, mara nyingi sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ujerumani, mafunzo ya ufundi huchukua takriban miaka 2 hadi 3.5, na cheti cha fundi mkuu kimewekwa ngazi moja na shahada ya kwanza.

Ukitaka kuhakikisha, waulize mafundi na wahitimu wa umri mmoja: walisubiri kazi muda gani, na hubakiwa na kiasi gani baada ya gharama za vifaa na madeni? Usimlinganishe daktari bingwa na kibarua aliyeanza jana.