Virusi vinavyodungwa kwenye saratani ya kinywa: maswali na majibu

Kirusi kinawezaje kuizuia saratani ilhali kazi yake ni kuwaletea watu ugonjwa?

Kirusi hakizaani chenyewe. Ni lazima kiingie ndani ya seli na kuitumia. Seli nzima, yaani isiyo na saratani, ikihisi imevamiwa hujizima yenyewe au huiamsha kinga ya mwili, lakini seli ya saratani, kwa kuwa imeshaziharibu breki zake ili igawanyike bila kikomo, mara nyingi imepoteza pia kinga hiyo. Wataalamu huondoa jeni fulani za kirusi, hata kikiingia kwenye seli nzima kikwame, na kikiingia kwenye seli ya saratani kizaane mpaka ipasuke na kumwaga virusi wapya wanaozivamia seli za jirani.

Ni virusi gani vinavyotumika?

Zaidi ni adenovirusi, vile vinavyotuletea mafua na macho mekundu. Mwaka 2005 China iliidhinisha H101, adenovirusi iliyoondolewa jeni iitwayo E1B-55K, itumike pamoja na dawa za saratani kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walipita njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo ya werevu zaidi: walikipachika kirusi kipande cha jeni kiitwacho ARE. Ujumbe wa jeni wenye kipande hicho huvunjwa upesi katika seli ya kawaida, ila katika seli za saratani hudumu, na hapo kirusi hupata nafasi ya kuzaana. Utafiti huo ni wa maabara.

Kwa nini kisitolewe kwa dripu?

Wengi wetu tuliugua adenovirusi utotoni, kwa hiyo kinga ya mwili hukidaka kirusi kingali kwenye damu. Kinywa kina nafuu yake: mgonjwa hufumbua mdomo, daktari huubonyeza uvimbe kwa kidole, kisha huuchoma sindano papo hapo. Uvimbe uliokwisha kusambaa hadi mapafuni haufikiwi kirahisi hivyo. Baada ya sindano, homa na maumivu ya pale ilipochomwa ni mambo ya kawaida.

Je, niahirishe upasuaji nisubiri tiba hii?

Hapana. Upasuaji, mionzi na dawa ndiyo tiba ya saratani ya kinywa, na hata H101 haikuidhinishwa isimame peke yake. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, kionwe na daktari wa meno sasa, hasa kwa anayevuta sigara, anayekunywa pombe au anayetafuna tambuu yenye popoo.