Uchovu wa zamu au moyo? Kwa mama anayerudi wodini baada ya uzazi

Muuguzi, mkunga au daktari mwanamke anazijua kwa kichwa dalili za moyo kushindwa kufanya kazi. Anamtambua mgonjwa wa moyo akiwa bado mlangoni. Lakini akijifungua yeye mwenyewe, likizo ikaisha na jina lake likatokea kwenye ratiba ya zamu, dalili zilezile anaziita uchovu. Kama daktari wa moyo nawaandikia hao hasa, kuhusu ugonjwa ambao kulea na kukesha huuficha vizuri mno: moyo kutanuka na kulegea kipindi cha uzazi. Kwenye mafaili huandikwa PPCM.

Ni hivi. Mwanamke ambaye hakuwa na tatizo la moyo linalojulikana, msuli wa moyo wake unalegea mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Chumba cha chini cha kushoto, ambacho moyo ukiwa mzima husukuma nje asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo kwa kila pigo, kwenye eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonekana kusukuma chini ya asilimia 45. Wapo wanaofika wakiwa na 20. Wengi hugundulika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, ila hata mwezi wa tano bado tunaufikiria.

Sasa weka hilo kando ya sheria. Likizo ya uzazi Tanzania Bara ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliyeianza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio anarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 hivi. Anarudi kusimama, kugeuza wagonjwa na kupanda ngazi akiwa bado ndani ya kipindi cha hatari, na kila anayemwona akihema anamwambia, "Pole mama, ndiyo malezi."

Pole hiyo haitoshi. Uchovu wa kukosa usingizi una tabia yake: ukilala unapungua, ukijinyoosha kitandani unapata nafuu. Moyo uliolegea hufanya kinyume. Ukijilaza chali, maji yaliyokuwa miguuni yanarudi kwenye mzunguko wa damu, mapafu yanajaa, pumzi inabana. Kwa hiyo swali la kwanza ni la mito: unalalia mingapi leo, na mwezi uliopita ulikuwa unalalia mingapi? Mama aliyetoka mto mmoja akafika mitatu, au anayesinzia ameketi kwenye kochi huku amempakata mtoto kwa sababu "hapo ndipo ninapopata usingizi", anahitaji eko wiki hii, si mwezi ujao.

Swali la pili ni gumu zaidi kwa anayenyonyesha, maana huamka usiku kwa vyovyote vile. Nani alimwamsha mwenzake? Mtoto akilia ukaamka, hayo ni malezi. Ukiamka wewe kwanza, saa moja au mbili baada ya kulala, umeketi ghafla, unatafuta hewa, pengine unakohoa kikohozi kikavu, unakwenda kusimama dirishani na mtoto bado amelala fofofo, huo ni moyo mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Kuvimba nako kuna mpangilio wake. Miguu yote miwili kuvimba siku chache baada ya kujifungua ni kawaida, hasa kwa aliyewekewa dripu nyingi, na inapaswa kupungua kila siku. Isiyopungua baada ya wiki ya kwanza, au iliyopungua ikarudi, soksi zikaacha alama ya kina juu ya kifundo, hiyo si kawaida. Panda mzani. Baada ya kujifungua uzito hushuka; ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hakuna mafuta yanayokuja haraka hivyo. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma ni jambo jingine, damu kuganda kwenye mshipa, na hilo haliisubiri hata kesho.

Upande mmoja ninyi mna bahati kuliko mama wa mtaani: vifaa viko mkononi. Ukimaliza zamu, keti dakika 5 bila kuongea, kisha jipime. Mapigo 110 au zaidi ukiwa umetulia, pumzi 24 au zaidi kwa dakika, oksijeni chini ya 95: muone daktari siku hiyohiyo. Mapigo yakifika 120, pumzi 30, au namba ya juu ya presha ikifika 160, usiende nyumbani, nenda mapokezi ya dharura ukajiandikishe kama mgonjwa. Na pumzi zihesabiwe na mwenzako kwa dakika nzima, maana mtu akijihesabia mwenyewe hubadilisha anavyopumua.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni matibabu ya koridoni. Mwenzako anakusikiliza kifua, anasema ni homa ya mapafu, unapewa antibiotiki. Wiki inayofuata ni pumu, unapewa salbutamol, nayo inaongeza mapigo ya moyo ambao tayari unakimbia. Kisha mtu anasema damu imepungua, anakutundikia dripu, na lita moja ya maji inamwagwa kwenye mapafu yaliyokwisha kujaa. Upungufu wa damu upo kweli na upimwe. Lakini kipimo cha damu hakijibu swali la moyo. Eko ndiyo inayojibu. Mahali pasipo na eko, anza na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), picha ya kifua na, kama maabara inacho, kipimo cha NT-proBNP, kemikali ya damu inayopanda moyo ukielemewa: kikiwa chini ya 300, moyo kushindwa ghafla ni jambo la mbali. ECG kuwa nzuri peke yake isikuridhishe. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili inaifanya kazi hii kila siku. Mikoani, ulizia hospitali ya rufaa iliyo karibu.

Eko ina faida nyingine. Kuna akina dada ambao moyo wao haukulegea kabisa. Wana valvu ya mitro, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi waliyougua utotoni bila kujua. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, valvu nyembamba inashindwa kuipitisha, nao wanaanza kuhema. Dalili zao ni zilezile ila matibabu yanatofautiana, na hao wanahitaji pia sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 hadi 4.

Afrika ndiko ugonjwa wa PPCM unakoonekana zaidi. Kaskazini mwa Nigeria umeripotiwa kwa takriban mama 1 kati ya 100 wanaojifungua, Afrika Kusini kwa takriban 1 kati ya 1,000. Kule Zaria, mji wa kaskazini mwa Nigeria, madaktari waliona kwamba mama waliojifungua hunywa uji wenye kanwa, chumvi ya ziwani, na kulala juu ya kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, siku 40. Kwa maoni yao, chumvi na joto viliwajaza maji na kuulemea moyo. Nalitaja kwa sababu ya magadi yetu, ambayo nayo ni sodiamu. Mtori hauna shida. Mtori uliotiwa magadi, chumvi na vidonge viwili vya kuungia mchuzi, mara tatu kwa siku, kwa mama mwenye presha, una shida. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyojificha kwenye vidonge hivyo, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Presha ndiyo jirani mkubwa wa ugonjwa huu. Aliyepata kifafa cha mimba au dalili zake za awali ana uwezekano mkubwa zaidi wa moyo kulegea, na hata asipoupata, hatari yake ya kiharusi na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele ni karibu mara mbili ya mwenzake. Ya presha ya kudumu ni zaidi ya mara tatu. Watu hudhani kondo likitoka mambo yamekwisha. Presha hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, mama akiwa ameshatoka hospitali. Ipimwe siku ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya 6. Ikiwa bado juu wiki ya 12, hiyo si ya mimba tena, ni yako, na itibiwe hivyo. Waliorudi kawaida wapime kila mwaka maisha yao yote.

Wodini tunapima presha za wagonjwa kwa haraka, na tukijipima wenyewe tunafanya vibaya zaidi: tumesimama, tunaongea, mkono unaning'inia, kamba ya kipimo imefungwa juu ya shati la sare. Kila kosa hapo linaongeza namba. Keti, mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo. Kibofu kiwe tupu, na chai au kahawa iwe imepita nusu saa. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani: kamba ya kawaida inafaa sentimita 22 hadi 32, zaidi ya hapo tafuta kubwa, maana ndogo hukupa presha usiyokuwa nayo. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja. Fanya hivyo ukiamka na kabla ya kulala kwa siku 7, tupa za siku ya kwanza, chukua wastani. Kwa nyumbani, 135 kwa 85 ndio mpaka. Anayeingia usiku asihangaike na saa ya ukutani: "asubuhi" yake ni pale anapoamka, hata kama ni saa tisa alasiri.

Halafu kuna diklofenaki. Mgongo unauma, kidonda cha upasuaji kinauma, sanduku la dawa liko pale kwenye kabati la zamu. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Kwa moyo uliolegea zinaweza kumwangusha mtu ndani ya siku chache. Parasetamo itangulie. Dawa za mafua zenye kuzibua pua nazo ziache, pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu vya kukesha navyo.

Kuhusu usiku wenyewe, sheria ya kazi ya mwaka 2004 iko upande wako kuliko matroni wengi wanavyokumbuka. Usiku maana yake ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mwajiri haruhusiwi kumpanga mama zamu hizo miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio na miezi 2 baada ya kujifungua. Baada ya hapo, cheti cha daktari kinachosema afya yako au ya mtoto hairuhusu kinaendeleza katazo. Una pia hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mwenye presha au moyo aombe cheti hicho bila aibu, na daktari mwenzangu akiandike bila kumhoji kama mtoro.

Ugonjwa ukithibitishwa, usikate tamaa: karibu nusu au zaidi ya mama hawa moyo hurudi kawaida, mara nyingi ndani ya miezi 6. Furosemidi huondoa maji. Enalapril na bisoprolol au kavedilol hupumzisha moyo, na enalapril haimzuii mama kunyonyesha ingawa hairuhusiwi ujauzitoni. Bromokriptini, iliyojaribiwa Afrika Kusini na timu ya daktari wa moyo Karen Sliwa, inalenga homoni ya maziwa yenyewe, maana kipande cha homoni hiyo huharibu mishipa midogo ya moyo. Hukausha maziwa na lazima iandamane na dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo ni uamuzi wa kukaa kitako na daktari wako. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Eko ndiyo inayosema, na hata ikiwa nzuri tunaendelea angalau mwaka.

Uzazi wa mpango uanze kabla hujatoka hospitali: kipandikizi au kitanzi, si vidonge vyenye estrojeni. Moyo ambao haujafika asilimia 50 haubebi mimba nyingine, na nitamwambia hivyo mume na mama mkwe pia, ukinituma. Uliofika bado unaweza kulegea tena, basi ukitaka mtoto mwingine njoo kabla ya kushika mimba, tubadilishe dawa, turudie eko. Kwa aliyekuwa na kifafa cha mimba bila tatizo la moyo, mimba ijayo aanze aspirini ya miligramu 75 kwa siku kabla ya wiki ya 20, wiki ya 12 ikiwezekana, na hiyo nayo iandikwe kwenye kadi ya kliniki hudhurio la kwanza.